Watafiti wakija kijijini tusitoe damu tu, tutoe na shauri

Na Tabibu Wetu, Kigoma

Ndugu msomaji, sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.t) aliyetupa afya kuwa amana mikononi mwetu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, leo tunaweka kando kidogo habari za ugonjwa huu na ule, tuzungumzie jambo linalotangulia dawa na chanjo zote, nalo ni utafiti wa afya na nafasi ya mwanakijiji ndani yake.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo, nilichukuliwa kuwa msaidizi katika kazi ya kukusanya takwimu za afya kwenye kijiji kimoja cha mwambao, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Kijiji hicho hakikuwa na barabara ya gari. Ukitaka kufika, unapanda boti. Tulishuka na makasha ya vifaa, mafungu ya dodoso na sindano zetu. Kwa siku tatu tukapita nyumba kwa nyumba tukiuliza: Choo kipo? Maji mnachota wapi? Kuna mtoto aliyeharisha wiki mbili hizi? Kisha tukatoboa vidole vya watoto na kugawa vikopo vya kuchukulia choo kikubwa.

Siku ya mwisho bibi mmoja, aliyetutandikia mkeka na kutupa uji, akaniita pembeni. Alikuwa ameniona nikiswali Adhuhuri na wanakijiji, akajua kuwa ni kijana wa madrasa. Akaniambia: "Mwanangu, mmetuuliza mambo mengi na tumewajibu yote. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyetuuliza sisi tunaogopa nini. Sisi hapa tunaogopa mzazi ashikwe na uchungu usiku na ziwa limechafuka. Mbona hilo halimo kwenye karatasi zenu?"

Nilikosa la kumjibu. Dodoso lilikuwa limeandikwa mbali, likachapwa mbali, na watu ambao hawajawahi kulala usiku mmoja katika kijiji kile. Tukapanda boti, tukaondoka. Majibu ya vipimo vile sikuwahi kusikia kwamba yalirudishwa pale. Na swali la bibi yule nimeishi nalo mpaka leo. Ndilo lililonifanya niandike makala haya.

UTAFITI NI NINI, NA UNATUHUSU VIPI?

Utafiti wa afya ni kutafuta jibu la swali kwa utaratibu unaoaminika: kuuliza, kupima, kuhesabu, kulinganisha, kisha kusema kilichoonekana bila kupunguza wala kuongeza. Dawa unayopewa zahanati, chanjo anayochomwa mwanao na chandarua unachotundika vyote vilipita katika njia hiyo.

Chukua mfano wa chandarua chenye dawa. Kati ya mwaka 1996 na 2000, watafiti wa Ifakara waliendesha mradi wa vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro. Kabla ya kuanza kuviuza walichunguza kwanza wananchi wanaonaje habari ya mbu na vyandarua, na jina la biashara waliyoipa bidhaa hiyo likawa la Kiswahili chepesi, "Zuia Mbu". Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa watoto wadogo waliolala katika vyandarua vyenye dawa walikuwa na nafasi ya kuishi iliyo kubwa kwa asilimia 27 kuliko wenzao. Hii ni faida ambayo kila nyumba ya Kigoma imeionja.

Kwa hiyo sisi hatuupingi utafiti. Tunachouliza ni hiki: swali linalotafutiwa jibu ni la nani? Nani alikaa akalichagua? Mwanakijiji anaitwa lini? Je, anaitwa mwanzo, swali linapotungwa, au anaitwa mwisho, sindano ikiwa imeshafunguliwa?

KUSHAURIANA NI KATIKA DINI YETU

Muislamu hahitaji kufundishwa na mgeni kwamba watu washauriwe katika mambo yao. Katika Qur'an tukufu ipo sura nzima inayoitwa Ash-Shura, yaani mashauriano, na ndani yake waumini wanasifiwa kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana.

Khalifa Umar bin Khattab (r.a) alipokuwa safarini kwenda Sham, alipofika mahali panapoitwa Sargh alipewa habari kwamba tauni imezuka huko. Umar alikuwa kiongozi wa waumini na neno lake lilikuwa likisikilizwa, lakini hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakakubaliana kwamba arudi na watu wake. Kisha akatokea Abdurrahman bin Auf (r.a), ambaye hakuwapo mwanzoni, akasema kuwa yeye alimsikia Mtume (s.a.w) akikataza mtu kuingia katika nchi yenye tauni, au kutoka humo kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mola wake, akarudi. Tazama, ndugu yangu: elimu waliyoihitaji ilikuwa kifuani mwa mtu mmoja aliyekuwa hayupo kikaoni.

Lipo pia tukio mashuhuri la mitende ya Madina. Mtume (s.a.w) aliwakuta wakulima wakipandikiza maua ya mitende, akatoa maoni kwamba huenda hilo halina faida. Wakaacha, na mavuno yakapungua. Alipoambiwa, aliwafahamisha kuwa yale yalikuwa maoni yake tu, na kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Ikiwa Mtume wa Allah alimwachia mkulima elimu ya shamba lake, ni nani atakayekuja na dodoso akadai kwamba mvuvi wa Katonga au mama wa Kibirizi hana la kumfundisha?

KWA NINI WAZEE WETU WANA HOFU

Mara nyingi watumishi wa afya hulalamika kwamba wanavijiji ni wagumu, wana dhana ya mumiani na wanakimbia sindano. Kabla ya kuwalaumu, tuangalie nyuma.

Mwaka 1906 daktari mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, aliyekuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alikwenda visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, kuchunguza malale. Watu walikuwa wakifa kwa maelfu. Koch aliwachoma wagonjwa dawa iitwayo atoksili, yenye arseniki ndani yake. Dozi zilipoongezwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka, wasione tena. Baadaye utawala wa Kijerumani ulifungua kambi za wagonjwa wa malale hata katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Watu walikaguliwa shingo kutafuta tezi, waliokutwa nazo wakapelekwa kambini. Wengi walijificha, na wengine walitoroka kambi.

Hakuna aliyewauliza watu wale kama wanakubali. Hofu ya namna hiyo haiishi na kizazi kimoja. Hupokezanwa, bibi akamsimulia mjukuu. Mtafiti wa leo anayekuta mlango umefungwa anavuna alichopanda mwingine miaka zaidi ya mia iliyopita. Mlango huo hautafunguka kwa amri ya mtendaji wa kijiji. Utafunguka kwa uaminifu.

SWALI LISILOSHAURIWA HULETA JIBU LA UONGO

Ndugu msomaji, kumshirikisha mwanakijiji kuna faida nyingine kubwa mbali na adabu: hulifanya jibu lenyewe liwe la kweli. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni degedege. Katika miaka ya 1990 watafiti waliokaa na kina mama wa Bagamoyo waligundua jambo lililowafungua macho. Ukimuuliza mama kuhusu malaria, anakueleza habari ya homa ya kawaida, ya kumeza vidonge. Ukimuuliza kuhusu degedege, anakuambia huo ni ugonjwa mwingine kabisa, unatokana na shetani au ndege mbaya, na tiba yake ya kwanza iko kwa mganga wa kienyeji. Sisi matabibu tunajua kuwa degedege kwa mtoto mwenye homa kali mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, na kila saa inayopotea ni hatari kwa roho ya mtoto. Basi mtu aliyekuja na dodoso lililoandikwa "malaria" peke yake angeandika kwamba kina mama wanajua kila kitu, na huku watoto wanakufa. Aliyekaa mkekani akasikiliza ndiye aliyejua wapi pa kupeleka elimu.

Mfano wa pili uko hapa kwetu ziwani. Miaka mingi mafanikio ya vyandarua yamepimwa kwa kuhesabu: vimegawiwa vingapi, nyumba ngapi zinavyo. Mwaka 2014 ulitangazwa utafiti uliofanywa katika vijiji saba vya ng'ambo ya pili, upande wa Kongo. Hao waliuliza swali tofauti: chandarua ulichopewa unakifanyia nini? Zaidi ya nyumba 8 katika kila 10 zilisema vyandarua vimetumika kuvulia samaki. Anayeishi mwaloni hakushangaa hata kidogo. Mambo hayo tunayaona pande zote za ziwa hili, ingawa uvuvi huo umekatazwa na humaliza mazalia ya samaki. Mzazi mwenye njaa nyumbani amepewa wavu bure. Atakachofanya kinajulikana na jirani yake, ila mtu wa mbali hakijui mpaka aulize.

Mfano wa tatu ni wa wavuvi wetu wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika na kutengeneza nyavu. Mtafiti akija siku za giza akamuuliza mke, "Mumeo jana alilala ndani ya chandarua?", jibu ni kwamba mumewe jana hakulala kabisa. Alikuwa majini, na alfajiri alikuwa mchangani akianika, mbu wakimuuma nje ya nyumba. Je, mtu wa namna hii atakingwa vipi? Hilo ndilo swali la kutafitiwa mialoni. Na mtu anayeweza kumwambia mtafiti, "Njoo mwezi ukiwa mpevu, utawakuta wanaume nyumbani," ni mvuvi mwenyewe.

WALIOKAA NA WANANCHI WALIVUNA NINI

Wenzetu wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, wana kituo kikubwa cha utafiti cha KEMRI kilichoanza mwaka 1989. Kwa miaka mingi wenyeji walikuwa wakikiona kama hospitali nzuri tu, bila kutofautisha tiba na utafiti, na uvumi wa kunyonywa damu ulikuwa haukauki. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, kituo kilianzisha mtandao wa wajumbe wanaochaguliwa na wananchi wenyewe. Wajumbe hawa hukutana na watumishi wa kituo, huelezwa utafiti unaokuja, hutoa maoni juu ya maneno ya fomu ya ridhaa na hurudisha malalamiko ya mitaani. Hata kiasi cha damu kikawa kinaelezwa kwa vijiko vya chai, kipimo anachokijua kila mama, badala ya mililita. Sisemi mambo yote yalinyooka, kwani wapo wajumbe waliojikuta katikati, kituo kikiwataka wawe upande wake na majirani wakiwataka wawe upande wao. Lakini mlango wa kuulizana ulifunguliwa.

Karibu zaidi ni Gombe. Jane Goodall, aliyefariki dunia Oktoba 2025, alifika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Baada ya miaka mingi aliona vilima vinavyouzunguka msitu vimebaki vitupu, akafahamu kuwa sokwe hawatasalimika ikiwa watu wanaoishi jirani nao wana shida. Mwaka 1994 ulianzishwa mradi wa TACARE katika vijiji 12 vya mwambao. Walitumwa Watanzania kwenda kuwauliza wanavijiji nini kingewafaa maishani mwao. Wanavijiji hawakuanza na sokwe wala miti. Walitaja chakula, afya na shule za watoto wao. Mradi ukaanzia hapo, na hapo ndipo wanavijiji walipouona kuwa ni wao. Ule haukuwa utafiti wa ugonjwa, lakini funzo lake ni lile lile: aliyeulizwa kwanza hushika kazi kwa mikono miwili.

Na jambo linalomgusa bibi yangu wa kijijini limefanyika katika mkoa wetu huu wa Kigoma. Kati ya mwaka 2016 na 2018 vituo kadhaa vya Serikali vilifanya majaribio ya kumruhusu mwanamke anayejifungua awe na msindikizaji wa kike pembeni yake muda wote wa uchungu. Kabla ya hapo, katika vituo vingi mama au shangazi aliishia mlangoni. Zaidi ya kupima mambo ya kitabibu, waliochunguza waliwauliza wanawake wenyewe: Ulitendewa kwa upole? Uliheshimiwa? Umeridhika? Waliokuwa katika vituo vyenye wasindikizaji walieleza mambo mazuri zaidi kuliko waliokuwa katika vituo vingine. Ndugu msomaji, sitara, upole na kuwa na mtu wako karibu ni mambo ambayo kila mama wa Kiislamu angeyataja angeulizwa. Yalipoingizwa katika dodoso, yakawa ushahidi ambao viongozi wa afya wanaweza kuufanyia kazi.

MASWALI SITA YA KUMUULIZA MTAFITI

Hapa Tanzania utafiti wa afya una sheria na taratibu zake. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979, na ipo kamati ya taifa inayokagua maadili kabla kibali hakijatolewa. Duniani nako, Azimio la Helsinki la madaktari, lililopitishwa mara ya kwanza mwaka 1964, lilifanyiwa marekebisho Oktoba 2024. Sasa linataka watu wanaotafitiwa na jamii zao washirikishwe kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake. Kwa hiyo unapouliza unatumia haki yako, na mtafiti mkweli hatachukia. Wakija, waulizeni haya:

1. Kibali kiko wapi? Kiangaliwe na uongozi wa kijiji, na mganga mkuu wa wilaya awe na habari. Fomu iwe na namba za simu za kupigwa mtu akiwa na tatizo.

2. Swali lenu ni lipi, na mlilipataje? Mlizungumza na nani hapa kabla ya kuandika dodoso? Kuna nafasi ya kuongeza jambo linalotusumbua sisi?

3. Mtachukua nini miilini mwetu, kiasi gani, na kitapelekwa wapi? Elezeni kwa vijiko. Na kikibaki, kitatumika kwa kazi nyingine?

4. Kuna madhara gani, na mtu akidhurika nani atamtibu? Mtoto akikutwa na malaria au kichocho, atapewa dawa hapo hapo au ataandikwa tu kwenye daftari?

5. Nikikataa, au nikikubali kisha nikabadili nia, nitanyimwa huduma zahanati? Jibu la haki ni moja tu: hapana.

6. Mtarudi lini na majibu? Nani atayaleta, na yatasomwa wapi, kwa lugha gani?

Swali la sita ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Katika mafundisho yetu, aliyechukua amana hurudisha. Damu ya mtoto ni amana, na habari za siri za nyumba ni amana. Majibu yakiishia katika vitabu vya ng'ambo bila kufika kwenye mkutano wa kijiji, amana haijarudi kwa wenyewe.

WAJIBU WETU SISI WENYEWE

Tukitaka kusikilizwa, nasi tuna yetu ya kutimiza.

Kwanza, tuache uvumi. Kumzushia mtu kwamba ananyonya damu bila kuwa na uhakika ni dhambi, na watumishi wa afya na watafiti wameshadhurika katika nchi mbalimbali kwa maneno ya namna hiyo. Mwenye shaka aulize mkutanoni, hadharani.

Pili, tuseme kweli. Wapo wanaosema nyumba nzima inatumia choo ilhali wanakwenda ufukweni, kwa kuona haya. Jibu la haya linapoteza fedha na linapoteza roho za watu. Mwaka 2020 na 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda, yalifika katika makazi ya watu na vyoo vya ufukweni vikaharibika. Basi semeni wazi kwamba hapa ni mchanga, shimo likichimbwa linabomoka, na ziwa likipanda linaingia. Mtafiti akiusikia ukweli huo ataacha kuuliza kwa nini hamna choo, ataanza kutafuta choo gani kitasimama kwenye mchanga. Hapo mmemtungia swali lililo bora kuliko lake.

Tatu, ridhaa ya mtu ni yake. Shekhe wa msikiti, mwenyekiti wa kitongoji na mume wa nyumba wanaweza kushauri na kufungua njia, na ni vizuri wapewe heshima yao kwa kuanza nao. Lakini hawawezi kusema "ndiyo" kwa niaba ya mwili wa mwanamke mwenye akili timamu. Naye aulizwe, aelewe, akubali au akatae. Maswali ya siri za wanawake yaulizwe na mwanamke mwenzao, faraghani. Darasa la kina mama la madrasa ni mahali pazuri pa kukusanyia maoni yao, kwani wengi hawasemi kitu katika mkutano wa kijiji wakiwa mbele ya wanaume.

Nne, tupange nyakati pamoja. Wapo wanaokimbia kupimwa mwezi wa Ramadhani. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kutolewa damu hakufunguzi, lakini mwenye wasiwasi amuulize shekhe wake, na watafiti nao waombwe kuja jioni baada ya futari au wasubiri mwezi uishe. Mambo madogo kama haya huokoa kazi nzima.

Tano, majibu yakirudi tuyafanyie kazi. Mwezi Mei 2015, maelfu ya ndugu zetu waliokimbia Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikazuka, maelfu wakaugua na watu zaidi ya 30 wakafariki. Ilibidi watu wasafirishwe kwa meli, MV Liemba ikiwa mojawapo, kuletwa Kigoma mjini kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu. Kwamba kipindupindu kinaenezwa na maji na chakula vilivyochafuliwa kwa kinyesi ni jambo lililokwisha tafitiwa na kujibiwa zamani. Hapo hatusubiri dodoso jingine. Maji ya ziwa yachemshwe au yatiwe dawa. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Kinyesi, hata cha mtoto mchanga, kisitupwe ziwani. Ziwa tunalotilia udhu ndilo tunalonywa, na twahara ni sehemu ya dini yetu.

TUANZE WAPI?

Nashauri kila msikiti na madrasa ya mwambao, kuanzia Kagunga na Mwamgongo hadi Ujiji na vijiji vya kusini, waweke daftari moja. Jioni moja kwa mwezi, baada ya Magharibi, watu wakae na kuandika: mwezi huu tumeugua nini? Nani amefariki, na alikwama wapi kabla ya kufika hospitali? Ni jambo gani tunaliona na hatulielewi? Kina mama wawe na lao, waandike wenyewe. Daftari hilo lipelekwe zahanati na kwenye mkutano wa kijiji, ili mtafiti akishuka botini akute maswali yanamngoja. Kalamu na daftari havina gharama kubwa, na kusoma na kuandika ndiko tulikofundishwa chuoni.

Bibi yule wa uji sikupata kumwona tena. Lakini kama kijiji chake kingekuwa na daftari siku ile, ukurasa wa kwanza ungesema: mzazi, usiku, ziwa limechafuka, tufanyeje? Nami nisingekosa jibu peke yangu. Ningelibeba swali lile hadi kwa wakubwa wangu, likiwa na tarehe na idadi ya kina mama waliolipata, na ingekuwa vigumu kwa yeyote kusema hakulisikia.

Tumuombe Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awape insafu wanaotutafiti, na atupe sisi ujasiri wa kuuliza. Wabillahi tawfiq.